Neno la siri pekee halilindi mshahara wa mwalimu

Hapana shaka kwamba maisha ya mwalimu na ya mwanafunzi wa Kenya yamehamia katika tovuti. Mwalimu aliyeajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, huisoma hati yake ya mshahara humo, na humo ndimo anamojaza fomu za TPAD za kutathmini kazi yake. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi ya chuo kikuu katika tovuti ya KUCCPS, kisha huomba mkopo wa HELB kwa njia iyo hiyo. Karani aliyekuwa akimtazama mtu usoni kabla ya kumkabidhi karatasi zake hayupo tena. Mahali pake pamechukuliwa na neno moja la siri, nalo neno hilo, mara nyingi, si siri.

Ninalodai leo ni hili. Asasi zinazohifadhi mishahara na mustakabali wetu katika tarakilishi zinapaswa kutuwekea kufuli la pili, na kufuli hilo lisitegemee arafa inayotumwa kwa nambari ya simu. Liwe ile programu ndogo ya kuzalisha nambari za muda, inayokaa ndani ya rununu ya mwenyewe. Aidha, kabla ya kumlazimisha yeyote kuitumia, asasi hizo zifikirie kwa makini hatima ya mtu ambaye simu yake imeibwa.

Tuanzie saiba, kwa kuwa ndiko mambo mengi yanakoanzia. Mwalimu anaingia jioni baada ya vipindi, anakuta foleni, na zamu yake ifikapo mhudumu anamuuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha tarakilishi, neno lake la siri ni lipi. Mwalimu analitamka kwa sauti. Wateja watatu walio nyuma yake wanalisikia. Pengine mhudumu analiandika katika daftari, ili mwezi ujao mteja asisumbuke akilisahau. Daftari lenyewe hulala juu ya kaunta. Mhudumu huyu si mwizi. Aghalabu ni kijana mwenye adabu ambaye mtaa mzima unamtegemea. Lakini daftari halina adabu. Yeyote atakayelifungua, awe mwanagenzi aliyeajiriwa jana au mgeni aliyeachiwa kiti kwa dakika tano, amezishika akaunti za walimu wa tarafa nzima.

Hali ya mwanafunzi ni mbaya zaidi. Yeye ametoka shule ya bweni ambako rununu ni marufuku, hana laini yake wala anwani ya baruapepe. Mhudumu humfungulia anwani papo hapo, na pale mtandao unapoitisha nambari ya simu ya kurejeshea akaunti iliyopotea, mhudumu huandika nambari yake mwenyewe. Kijana anaondoka akidhani ana anwani. Kwa kweli ana anwani ya kupanga, na mwenye nyumba ndiye aliye na ufunguo. Anwani iyo hiyo ndiyo atakayoitumia kwa HELB, kwa chuo, na baadaye kwa mwajiri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami naongeza kwamba mara nyingine aliyekivisha nguoni hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Isitoshe, asasi zenyewe zimetuzoesha vibaya. Kwa miaka kadhaa KUCCPS imekuwa ikimwambia mwanafunzi aingie kwa nambari yake ya mtihani wa KCSE na mwaka alioufanya, na neno la siri la kuanzia likiwa nambari ya cheti chake cha kuzaliwa au nambari yake ya KCPE. Hebu tafakari ni watu wangapi wanaozijua nambari hizo: karani wa shule, mwalimu wa darasa, mjomba aliyepeleka vyeti kupigwa chapa, binamu waliosoma shule moja. Asiyelibadilisha neno hilo mapema ameuacha mlango wake wazi katika majuma yale yale ambapo uamuzi wa kusomea uuguzi au ualimu unaweza kubadilishwa kwa kubofya mara mbili. Kuna pia mawakala wa mikopo wanaozuru shule mwisho wa mwezi, wanaomwomba mwalimu neno lake la siri ili, kwa maneno yao, wamrahisishie kazi. Kazi huwa rahisi kweli.

Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa nchi maskini. Neno la siri limekuwa likivuja karibu tangu lilipozaliwa. Mnamo 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwanafunzi wa uzamifu Allan Scherr alikuwa amepimiwa saa nne kwa juma za kutumia tarakilishi kuu ya chuo, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kuwapa watumiaji wake maneno ya siri. Saa nne hazikumtosha. Basi akaiagiza mashine yenyewe ichapishe faili ya maneno ya siri ya watumiaji wote, nayo, kwa utiifu wa mashine, ikayachapisha. Scherr akaendelea na hesabu zake kwa majina ya wenzake, na hakuyasimulia hayo hadharani ila baada ya miaka mingi.

Dawa iliyobuniwa ni kuthibitisha mara mbili, kwa vitu viwili vya aina tofauti: kitu mtu anachokijua, kama neno la siri, na kitu alicho nacho mkononi, kama kadi au simu. Wengine huongeza kitu cha tatu, yaani alama ya kidole au sura. Jambo hili si geni kwetu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, bibi aliye Siaya amekuwa akithibitisha kwa vitu viwili bila kuambiwa jina la elimu hiyo. Laini yake bila nambari ya siri haimtolei mtu pesa, na nambari ya siri bila laini haimfai mwizi. Ajabu ni kwamba tunailinda shilingi 500 ya kuku kwa makufuli mawili, huku hati ya mshahara tukiilinda kwa moja lililoandikwa daftarini.

Baadhi ya asasi zimekwisha kupiga hatua. Mwenye kuingia eCitizen huletewa nambari ya muda kwa simu au kwa baruapepe. Nazipongeza, maana arafa ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Hata hivyo, arafa humfuata mwenye laini, na laini ni kitu kinachoweza kuhamishwa. Tapeli aliye na nambari ya kitambulisho chako na tarehe yako ya kuzaliwa anaweza kumshawishi, au kumhonga, mtu wa kumhamishia nambari yako kwenye kadi mpya. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, wewe unadhani ni hitilafu ya mnara, kumbe nambari zako zote za uthibitisho zinaingia kwenye simu nyingine. Agosti 2019 mbinu ya kuhamisha nambari ilitumiwa kuiteka akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Twitter, ndani ya Twitter yenyewe. Ikiwa mwenye duka aliibiwa dukani mwake, sembuse mwalimu wa Kitui?

Marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandao yaliyotiwa sahihi Oktoba 2025 yameutaja uhamishaji haramu wa laini kuwa kosa. Vifungu vingine vya sheria hiyo vilifikishwa mahakamani mwezi uo huo, na hoja za waliovipinga ni nzito, ila huo si mjadala wa leo. Nasema tu kwamba sheria humwadhibu mwizi baada ya wizi. Kuna pia hatari isiyo na mhalifu: laini isiyotumiwa kwa miezi kadhaa hupewa mteja mwingine. Mwanafunzi aliyesajili akaunti kwa laini aliyoitupa baadaye amemwachia mtu asiyemjua nambari zake za uthibitisho. Ndiyo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa miongozo yake mwaka 2017, iliiweka arafa katika kundi la njia zinazotumiwa kwa masharti.

Sasa tuitazame programu yenyewe. Nimewasikia walimu wakiiogopa kana kwamba ni elimu ya wachache, ilhali inaweza kuelezwa katika kipindi kimoja cha darasa la nane.

Chukua mfano wa walimu wawili, mmoja yuko Garissa na mwingine Busia. Wamepewa vitabu viwili vinavyofanana ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa ukiwa na nambari moja ya tarakimu sita isiyokisika, na saa zao za mkononi zinaafikiana. Wamepatana kwamba kila baada ya sekunde 30 watafungua ukurasa unaofuata. Wa Busia anapotaka kujua kama anayezungumza naye ndiye kweli mwenzake wa Garissa, humwambia amsomee ukurasa wa sasa. Hakuna barua iliyotumwa wala arafa iliyopita hewani. Na mtu aliyetega sikio akaidaka nambari ya saa nne kamili, haitamfaa kitu ifikapo saa nne na dakika tano.

Ndani ya rununu kitabu hicho ni ufunguo mmoja mrefu wa siri. Programu huuchanganya ufunguo na hesabu ya vipindi vya sekunde 30 vilivyopita tangu Januari 1, 1970, kisha kwa kanuni ya hisabati hutoa nambari ya tarakimu sita. Tovuti iliyo na nakala ya ufunguo uo huo hufanya hesabu iyo hiyo na kulinganisha. Mwalimu wa hisabati ana zoezi zuri hapa: kwa siku moja programu huonyesha nambari 2,880, na anayebahatisha mara moja ana nafasi moja katika 1,000,000. Kanuni yenyewe si mali ya kampuni yoyote. Ilichapishwa wazi mwaka 2011 kwa jina la RFC 6238, na kwa sababu hiyo programu ya Google, ya Microsoft na nyinginezo nyingi za bure hufanya kazi sawia na tovuti zilezile. Serikali haiwezi kusingizia gharama ya leseni.

La muhimu zaidi kwetu ni kwamba programu hii haihitaji bando wala salio. Mwalimu ambaye simu yake haina mtandao aweza kuisoma nambari yake na kuiandika katika tarakilishi ya shule iliyounganishwa. Sharti ni kwamba saa ya rununu iwe sahihi. Kuna wenzetu wanaopenda kuisogeza saa mbele kwa dakika kumi ili wasichelewe gwaride la asubuhi, programu haitawaelewa.

Kuiweka hakuhitaji fundi. Tuseme unataka kuilinda anwani yako ya Google, na hiyo ndiyo ya kwanza kulindwa, kwa kuwa akaunti zako nyingine zikipotea hurejeshwa kupitia kwayo. Unapakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, si kutoka kiungo ulichotumiwa na rafiki. Unafungua sehemu ya usalama ya akaunti, unachagua uthibitishaji wa hatua mbili, kisha unachagua programu ya uthibitishaji. Mchoro wa mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe unajitokeza. Huo ndio ufunguo wa siri uliovalishwa picha. Unauelekezea kamera kutoka ndani ya programu, nambari ya tarakimu sita inaonekana, unaiandika pale inapoulizwa kabla sekunde zake hazijaisha, basi. Ikiwa unatumia simu moja tu na huwezi kuipiga picha skrini yake, tovuti hukubali kukupa ufunguo kwa maandishi ili uunakili.

Jambo moja nalisisitiza. Anayeupiga picha mchoro ule ndiye mwenye ufunguo. Asiwe mhudumu wa saiba, asiwe mwalimu mkuu, asiwe mwanafunzi hodari wa tarakilishi anayemsaidia mwalimu wake kwa heshima. Wote hao waweza kuketi kando na kuelekeza. Rununu inayoinuliwa iwe ya mwenye akaunti. Na papo hapo iondolewe ile nambari ya simu ya mhudumu iliyoandikwa zamani, la sivyo tumetia kufuli mlango wa mbele na kuusahau wa jikoni.

Kisha kuna nambari za akiba. Google hutoa kumi, kila moja hutumika mara moja tu, nazo ndizo zitakazokuingiza siku ambayo simu haipo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba usalama wa karne hii hutulia juu ya kipande cha karatasi, lakini ndivyo ulivyo. Zinakili kwa kalamu. Kila nyumba ya Kenya ina bahasha au sanduku linalohifadhi vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba na cheti cha KCSE. Humo ndimo mahali pake. Kuzipiga picha na kuziacha ndani ya simu iyo hiyo ni kufungia funguo za akiba ndani ya gari. Na kabla ya kuuza simu ya zamani, hamisha kwanza akaunti zako kwenye mpya. Tangu Aprili 2023 programu ya Google imeweza kuhifadhi nakala za funguo mtandaoni, jambo linalomwokoa aliyeibiwa simu, ingawa pia linamaanisha kwamba atakayeiteka anwani yako ya Google huenda akazipata funguo zote pamoja. Mimi naipendelea karatasi.

Je, programu hii inatosha? Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilisema kwamba kuthibitisha kwa njia zaidi ya moja huzuia asilimia 99.9 ya mashambulizi dhidi ya akaunti. Hiyo ni kauli ya mwenye bidhaa, na mnunuzi mwerevu huipunguza kidogo. Mashambulizi mengi ni ya mitambo inayojaribu maneno ya siri yaliyovuja, na kweli hayo hukomea mlangoni. Tapeli anayepiga simu ni mtu mwingine kabisa. Yeye hujitambulisha kwa jina la ofisi, huzungumza kwa upole, hukutajia nambari yako ya TSC ili umwamini, kisha huomba nambari sita zinazoonekana simuni. Ukimsomea, umemkabidhi kitabu kikiwa wazi ukurasa wa sasa, naye ana sekunde za kutosha kuitumia. Ndivyo zinavyotekwa akaunti za WhatsApp katika makundi ya walimu na ya wazazi: rafiki, ambaye yeye mwenyewe amekwisha kutekwa, anakuandikia kwamba nambari yake imetumwa kwako kimakosa. Septemba 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa baada ya mkandarasi wake kuletewa maombi ya idhini mfululizo hadi akakubali moja. Zipo funguo mpya zinazofungamanishwa na tovuti halisi, ambazo haziwezi kusomwa kwa simu, nazo zitaenea. Kwa sasa kanuni ni fupi: nambari ile huandikwa na mwenyewe katika tovuti aliyoifungua mwenyewe, haisomewi mtu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mwenye kabambe. Wapo walimu, na wanafunzi wengi zaidi, ambao simu yao haipakui programu yoyote. Hao wasifungiwe nje kwa jina la usalama. Waachiwe arafa, au wapewe orodha ya nambari za matumizi ya mara moja iliyochapishwa na ofisi, kama kadi za mgao. Mwenye rununu ya kisasa naye apewe haki ya kukataa arafa kabisa, maana mlango wenye makufuli mawili una nguvu za lile dhaifu ikiwa mwizi anaruhusiwa kuchagua atakalolifungua.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huwataka wote wanaohifadhi habari za watu wachukue hatua za kiufundi na za kiusimamizi za kuzilinda. Tumezoea kusikia habari ya hatua za kiufundi. Za kiusimamizi ndizo ngumu, maana zinahitaji watu na posho. Ni hatua ya kiusimamizi kukomesha ile desturi ambapo mwalimu mkuu, naibu wake na karani hushiriki neno moja la siri la akaunti ya shule inayosajili watahiniwa. Kila mmoja apewe akaunti yake, ili likitokea jambo ijulikane nani aliingia na saa ngapi. Ni hatua ya kiusimamizi pia kwa KUCCPS kumtaka mwanafunzi athibitishe upya kabla ya mabadiliko ya kozi kukubaliwa, na kumpelekea taarifa kwa anwani ya zamani na mpya. Na vyuo vya ualimu vingeweza kutenga kipindi kimoja kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwalimu mwanafunzi akaketi na rununu yake na kipande chake cha karatasi.

Lililobaki ni la aliyepoteza kila kitu: simu imeibwa kwenye matatu, nyumba imechukuliwa na mafuriko pamoja na bahasha ya vyeti. Leo huambiwa apige nambari ya huduma isiyoshikwa, au asafiri. TSC ina mkurugenzi katika kila kaunti. Mwalimu wa Lodwar afike katika ofisi ya mkurugenzi huyo na kitambulisho chake, atazamwe usoni, alama zake za kidole zilinganishwe, akaunti yake ifunguliwe upya kwa sahihi ya maafisa wawili, asilazimike kulala njiani usiku kucha hadi Upper Hill, Nairobi, ili aisome hati ya mshahara wake mwenyewe.